Rangi Namba Saba na Supu ya Magadi

Watu wakiniuliza nilisomea nini huwa najibu kemia, wananyamaza, nami nashukuru. Nikijibu kikamilifu itabidi nieleze rangi za azo, na nikieleza rangi za azo itabidi nimtaje mama mmoja wa Kigogo na sufuria yake, na nikimtaja mama huyo nitacheka mpaka machozi yanitoke, halafu nitagundua kwamba nalia kweli. Kwa hiyo leo naandika mara moja, yaishe.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba ilikuwa imejaa soko la Dodoma, kila duka lina sabuni yenye jina la kigeni, na ofisi za umma zinapunguza watu. Neno "kupunguzwa" lilitamkwa kwa sauti ya chini, kama jina la ugonjwa. Ukisikia jirani kapunguzwa, unavaa khanga unaenda kutoa pole. Mimi nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili katika chuo kikuu kimoja cha Pwani. Kwetu ni Kondoa, ukoo wa watu waliokuja na misafara ya biashara enzi za mababu, wakapapenda, wakabaki. Wote kwetu wanauza kitu. Mimi peke yangu niliacha kuuza vitenge nikaenda kutengeneza rangi ambayo haikupakwa kwenye kitenge hata kimoja, na mama yangu mzazi hajalisahau hilo mpaka leo.

Rangi zenyewe nitazieleza kwa ufupi, msinikimbie. Unachukua kemikali yenye pete. Si pete ya kidoleni, ni atomi zilizoshikana mikono katika duara. Nyingi ni kaboni, lakini kati yao imejipenyeza moja ya ukoo mwingine, naitrojeni au salfa, kama mgeni aliyekuja kusalimia akakaa miaka. Unaiyeyusha kwenye asidi, unaipoza kwa barafu, unaidondoshea chumvi ya maabara tone kwa tone, na hapo inakuwa kali, haina subira, iko tayari kugombana na yeyote. Mimi tabia hiyo naielewa vizuri. Kabla haijaharibika unaimimina kwenye kemikali nyingine, zinaungana, na palepale maji yaliyokuwa meupe yanageuka manjano, au machungwa, au mekundu ya kutisha. Hiyo ndiyo rangi ya azo. Unachuja, unakausha, unaweka kwenye kichupa, unakipa namba.

Nilitengeneza kumi na mbili. Siku ya kutengeneza namba saba barafu ilikosekana mjini kote, umeme ulikuwa umekatika, nami kemikali yangu ilikuwa tayari kwenye bika, kile kikombe cha kioo cha maabara, na inaanza kupata joto. Nikatoka mbio nikanunua barafu za ukwaju zile za kwenye mifuko ya nailoni, zote alizokuwa nazo mama mmoja aliyeuza getini pa chuo, nikaizungushia bika. Rangi ikatoka ya manjano safi kama ganda la ndizi mbivu. Kazi ilipokwisha nikazila zile barafu, maana ziligharamiwa. Namba saba ndiyo niliyoipenda kuliko zote.

Sasa, kutengeneza ilikuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ilikuwa kuona kama rangi hizo zinaua bakteria, kwa sababu baadhi ya jamaa zao zilishawahi kuua. Pale chuoni kabati la joto la kuoteshea bakteria lilikuwa limeharibika na fundi wake anasubiriwa. Msimamizi wangu, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta, akaniandikia barua ya kunitambulisha kwenye maabara moja ya mifugo kule kwetu Dodoma. Akaniambia nina miezi mitatu. Nikirudi bila matokeo, nafasi yangu anapewa mwingine.

Nikapanga chumba mtaa wa Nkuhungu, nikafika maabarani na vichupa vyangu kumi na viwili ndani ya kopo la maziwa ya unga.

Maabara ilikuwa jengo refu la bati lenye vumbi jekundu mpaka kwenye vitasa. Mkuu wake alikuwa daktari wa mifugo, bwana mnadhifu, mpenda ripoti. Alikuwa anaandika ripoti kama watu wengine wanavyokunywa chai. Tulimwita Daktari tu. Siku ya kwanza alinionyesha ukutani chati yake ya ugonjwa wa kiwele, ule unaovimbisha matiti ya ng'ombe. Mstari ulikuwa ukishuka, ukishuka, mpaka ukalala chini kabisa.

"Umeona?" akaniambia. "Tangu mwaka jana kila sampuli ya maziwa tunayopima inatoka safi. Ng'ombe wa mkoa huu sasa ni wazima."

Nikampongeza. Wakati huohuo mfugaji mmoja alikuwa amekaa barazani na chupa ya maziwa yenye mabonge kama mtindi, anasubiri kuambiwa kwamba ng'ombe wake ni mzima.

Mtu wa pili wa kumjua pale alikuwa mama mhudumu. Mgogo wa kijiji cha jirani, mfupi, mikono yake imepauka kwa sabuni, mwenye cheko la kuanzia tumboni. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kuosha vyombo vya kioo. Nilipomwamkia "Mbukwa, mama", nikijaribu kujipendekeza, aliniangalia, akasema, "Mbukwa. Haya, sasa niamkie vizuri." Nikasema shikamoo. Akasema marahaba, akanipa beseni nianze kuosha visahani. Mimi, mwenye shahada. Nikaosha huku nimenuna, naye akaniambia uso wangu utaniozea.

Lakini kazi yake hasa, ile iliyomfanya apendwe na jengo zima, ilikuwa jikoni. Niwaeleze. Bakteria hawaoti hewani, wanataka chakula. Zamani chakula chao kilikuja cha unga, kwenye makopo, kwa msaada kutoka nje. Msaada ukaisha, makopo yakaisha. Daktari akafungua kitabu cha zamani, akakuta humo namna ya kuwapikia mwenyewe: unachemsha nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta, unachuja supu, unatia chumvi kidogo sana, unachanganya na unga wa agari ambao unaigandisha kama jeli, unamimina kwenye visahani. Agari ilikuwa bado ipo tele. Nyama ilikuwepo kwa sababu Dodoma haikosi ng'ombe. Na mpishi alikuwepo.

Sasa supu wakishapewa bakteria, nyama inabaki. Nyama hiyo, saa saba kamili, ilikuwa ndiyo kitoweo cha wafanyakazi wote, kwa ugali wa uwele. Sijawahi kuona maabara nyingine duniani ambayo watu wanaomba sampuli zije nyingi. Mlinzi wa getini alikuwa anawauliza wafugaji, "Hamna ng'ombe mwingine anayeumwa huko?" Na nyama yenyewe, haki ya Mungu, ilikuwa laini ya kuyeyuka mdomoni, ingawa ilinunuliwa mnadani kwenye ng'ombe wazee waliolima mpaka wakachoka.

Mwanakemia makini angejiuliza hapo. Mimi niliongeza ugali.

Upimaji wangu ulikuwa hivi. Unachukua maziwa ya ng'ombe aliyevimba kiwele, unayapaka juu ya jeli. Unakata vijiduara vya karatasi kwa mashine ya ofisini ya kutobolea mafaili, unavichovya kwenye rangi, unaviweka juu ya jeli, unafunika, unaingiza kwenye kabati la joto. Kesho yake bakteria wanakuwa wameota kisahani chote kama ukoko mweupe, isipokuwa pale rangi ilipowaua. Hapo panabaki duara safi kuzunguka karatasi. Duara likiwa pana, dawa ni kali. Na sheria inasema lazima uweke kisahani kimoja kitupu, kisicho na rangi yoyote, ili uone bakteria wakiota kwa raha zao. Mimi nilikuwa na visahani sita, rangi kumi na mbili, mbili kila kisahani. Nikapiga hesabu nikaona kile kitupu ni anasa.

Asubuhi nilipofungua kabati sikuamini. Visahani vyote sita vilikuwa safi. Si duara, si ukoko. Kisahani kizima kimekauka kwa usafi, kama kimetoka kuoshwa. Rangi zangu zilikuwa zimewaua wote, mpaka wa pembeni kabisa. Nikapiga kelele, mama mhudumu akaja mbio akidhani nimeungua na asidi, nikamwambia, "Mama, wamekufa wote." Akaweka ndoo chini akapiga vigelegele. Hakujua nani kafa wala kwa nini, ila alijua nimefurahi, basi.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Namba saba yangu ya manjano, pale kwenye jeli, ilikuwa imegeuka nyekundu kama damu ya mzee. Niliandika kwenye daftari: "Namba saba imependeza zaidi." Ndivyo nilivyoandika. Daftari ninalo mpaka leo, nikitaka kujidharau nalifungua.

Daktari alipoona, akashika kidevu. "Safi sana," akasema. "Ingawa hata vya kwetu huwa vinatoka safi hivihivi." Akaenda kuandika ripoti.

Nikamwandikia msimamizi wangu barua ya kurasa nne. Nilitumia neno "mapinduzi" mara mbili.

Wiki mbili baadaye Daktari aliniita ofisini akafunga mlango. Alikuwa amepata waraka. Wageni wawili kutoka makao makuu wanakuja kukagua nani anafanya nini, na kwenye orodha ya watakaopunguzwa pameandikwa: mhudumu wa maabara, nafasi isiyo ya lazima. Ni mmoja tu. Ni yeye mama.

Mama alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu kwa heshima. Kijijini kwake alikuwa ameanza kubomoa tembe lake, ile nyumba ya udongo mpaka juu, aezeke mabati. Upande mmoja ulikuwa umekwisha, upande wa pili bado. Mvua ikinyesha, alikuwa akisema, nusu ya nyumba inapiga ngoma na nusu imelala. Alikuwa anangojea mshahara wa hiyo miaka miwili amalizie.

"Lakini usihofu," Daktari akaniambia. "Dawa yako itamwokoa. Maabara inayovumbua dawa haiguswi hata mfagiaji wake. Waonyeshe visahani."

Nikatoka pale nimevimba kichwa. Nilimwambia mama kwamba hapunguzwi mtu hapa nikiwepo. Akanishika shavu kwa mkono wenye povu la sabuni, akasema Mungu anizidishie. Siku hiyo alinipakulia nyama ya kunitosha mimi na majirani zangu wote wa Nkuhungu.

Siku moja kabla ya wageni ikafika barua ya msimamizi. Mimi kurasa nne, yeye mistari miwili. Alisema amefurahi sana. Halafu akauliza: kisahani kitupu kilitoaje?

Nilikasirika jamani. Nilitembea kuzunguka jengo nikimsema peke yangu, mzee gani huyu, mtu anagundua dawa yeye anauliza kitupu. Nilipochoka kumsema nikakumbuka kwamba tangu juzi kuna kisahani kimoja kwenye kabati nilichokipaka maziwa nikasahau kukiwekea rangi, kwa sababu wakati ule niliitwa kula. Nikaenda nikakitoa. Hakina rangi, hakina karatasi, hakina chochote cha kuua mtu.

Kilikuwa safi.

Nikakiangalia mpaka macho yakaniuma. Nikachukua maziwa yenyewe, yale ya mabonge, nikayanusa, nikayatupa kando, yananuka uhai wa kila aina. Kwa hiyo si kwamba bakteria hawapo. Wapo, na kitu kimewaua, na kitu hicho si changu. Nikaenda jikoni.

Mama alikuwa juu ya sufuria kubwa, mvuke umemfunika, anaimba wimbo wa Kigogo taratibu. Mkono wake wa kulia ulikuwa na donge la magadi kama ngumi, yale magadi ya kijivu wanayotilia mlenda. Akalidumbukiza. Supu ikatoa povu.

"Mama," nikasema, "unafanya nini?"

"Napika."

"Umetia magadi kwenye chakula cha bakteria?"

"Nyama ya ng'ombe mzee hii, mwanangu. Bila magadi utaichemsha mpaka wiki ijayo, na mkaa wote utaisha, na saa saba watu watataka kula."

"Mama, wale wadudu hawana meno."

Akafikiri. "Si ndiyo sababu," akasema. "Kama hawana meno, nani analainishiwa kama si wao?"

Nikakaa chini kwenye gunia la mkaa nikashika kichwa. Magadi ni alkali. Ukitia donge la ngumi kwenye supu, bakteria wa kiwele anaingia humo anakuta ukali ambao hajauona tangu azaliwe, anakufa kabla hajaonja. Na rangi nyingi za azo, kila mwanafunzi wa kemia anajua, hubadilika zikikutana na alkali. Namba saba ilikuwa imesimama mbele yangu wiki tatu nzima, nyekundu pii, ikiniambia kwa sauti yake yote kwamba humu mna magadi. Mimi nikaandika kwamba imependeza.

Nikachukua vikombe viwili. Kimoja nikatia maji matupu, kingine nikatia supu ya mama. Nikadondosha namba saba katika kila kimoja. Kwenye maji ikabaki manjano. Kwenye supu ikawa nyekundu palepale, na mama akasema, "Ala, kumbe inatambua kupika."

Hapo ndipo nilipofoka. Nilimwambia mambo ambayo nayajutia. Nilimwambia kwamba ng'ombe wa mkoa mzima wanavimba matiti huku Daktari anachora mstari unaoshuka, kwamba dawa yangu si dawa, ni maji ya rangi. Na nikamwambia lile ambalo sikupaswa kumwambia: "Kesho nikidanganya wageni, siku chuo kitakapojua kitanifukuza. Nikisema kweli, wewe ndiye unayemwaga unga. Sasa nifanyeje? Niambie wewe."

Alikoroga sufuria, akafunika, akapunguza moto. Akasema, "Nenda kaoge, umejaa masizi."

Nilirudi Nkuhungu kwa miguu, upepo unanijaza mchanga mdomoni, na kufika nyumbani nilikuwa nimeamua. Nitanyamaza. Sikuwa shujaa hapo, msinielewe vibaya. Nilijiambia ni kwa ajili ya mama na mabati yake, na kweli ilikuwa kwa ajili yake, lakini pia kulikuwa na kurasa zangu nne zenye mapinduzi mawili. Niliona haya kuzirudisha.

Wageni walifika asubuhi. Mmoja mrefu mwenye faili, mwingine mfupi mwenye njaa. Tangu anashuka kwenye gari pua yake ilikuwa imeelekea jikoni. Daktari aliwapokea akiwa na tai. Akawaonyesha chati ya mstari unaoshuka, wakatikisa vichwa kwa heshima. Akawaleta kwenye meza yangu, visahani vyangu sita vimepangwa juu ya kitambaa cheupe. Nikaeleza. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayesomewa mashtaka, ila walidhani ni adabu. Mwenye faili akaandika mambo mengi.

Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na ndoo yake.

"Shikamoo, mama. Na wewe kazi yako ni ipi hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi naosha vyombo na kuwapikia hawa wadudu."

"Unawapikia," mwenye faili akarudia, kalamu imesimama.

"Nawapikia supu. Na ndani yake natia magadi, nyama ilainike. Kumbe wenyewe hawayataki. Ndiyo yaliyowaua." Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye khanga. "Dawa ya huyu mtoto haijaua kitu. Jana amejua, amenigombeza sana, na leo ameogopa kusema kwa sababu yangu. Msije mkamwandika vibaya huko mnakoandika. Ni magadi yangu mimi."

Nilijiona mdogo kuliko hao bakteria.

"Tangu lini, mama?" mwenye faili akauliza.

"Tangu ule unga wa makopo ulipokwisha."

Hapo nikamwona Daktari. Aliigeukia chati yake, akaufuata ule mstari kwa kidole, kuanzia juu ulipoanza kushuka mpaka chini ulipolala, midomo yake ikihesabu miezi. Halafu akakaa. Hapakuwa na kiti. Alikalia kreti la chupa tupu, na tai yake, akabaki hapo.

Yule mfupi aliuliza kama hiyo supu ipo.

Ilikuwepo. Walikula wote, mwenye faili akiwa amelikalia faili lake lisichafuke. Mfupi aliongeza mara mbili, akasema tangu aolewe dada yake hajala nyama laini namna ile. Mama aliwahudumia huku anacheka cheko lake la tumboni. Mimi nilikaa kwenye kona na sahani yangu, nakula na kulia, pua inanitiririka ndani ya ugali, na hakuna aliyenisemesha.

Nikadhani watamsamehe. Nilikuwa bado mtoto. Barua ilikuja mwezi uliofuata, na jina lilikuwa moja, lilelile. Hata magadi hayakutajwa humo. Walikuwa wameshaamua kabla hawajapanda gari. Mama aliniletea niisome kwa sauti, nikaisoma, akaikunja vipande vinne akaitia kwenye khanga, akamaliza kuosha vyombo vya siku hiyo kwanza.

Nilibaki nikarudia kazi yote, na supu nikaipika mwenyewe. Bila magadi. Nyama ikawa ya kutafuna mpaka taya zikaota sugu, na jengo zima likanichukia. Mlinzi aliacha kunifungulia geti. Lakini bakteria, we acha tu, waliota kama magugu. Wafugaji wote waliitwa upya, ng'ombe wakapimwa upya, mstari wa Daktari ukapanda mpaka ukatoka nje ya karatasi, ikabidi agundishe nyingine juu. Wakatibiwa kwa dawa za kweli. Rangi zangu, kumi na moja kati ya kumi na mbili, hazikuua hata mmoja. Walizikalia juu wakaota. Namba saba ilitoa kiduara upana wa punje ya uwele. Nilikipima mara tano. Nikamwandikia msimamizi nusu ukurasa, akanijibu kwamba sasa ameamini. Nikafaulu.

Nilipokabidhiwa tasnifu yangu imejalidiwa, jambo la kwanza nililofanya ni kupanda basi kurudi Dodoma. Niliambiwa mama yuko mnadani, anauza supu siku za mnada wa ng'ombe. Nilimkuta chini ya turubai, sufuria ya ukubwa uleule, foleni ya wachunga ng'ombe na matajiri wa ng'ombe imepinda mpaka kwenye uzio. Daktari naye alikuwemo kwenye foleni, bila tai. Mama alikuwa amemaliza kuezeka. Aliniambia sasa mvua ikinyesha nyumba nzima inapiga ngoma na yeye halali.

Nikampa kiti, nikafungua ukurasa wa shukrani. Ulikuwa kwa Kiingereza, nikamsomea kwa Kiswahili, na watu wa foleni wakanyamaza kusikiliza: namshukuru mhudumu wa maabara, ambaye bila yeye nisingejua umuhimu wa kisahani kitupu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akachota supu, akaonja, akarudisha mwiko.

"Hujaandika magadi," akasema.

"Mama, hiki ni kitabu cha chuo kikuu."

"Mimi sikusimama mbele ya wale watu kusema habari za kisahani kitupu," akasema. "Nilisema magadi."

Nikatoa kalamu. Nikaandika palepale, pembeni ya mstari wake: "na magadi yake". Akaniangalia nikiandika, herufi baada ya herufi, akaitikia kwa kichwa, akanipakulia. Niliporudi chuoni niliingia maktaba nikaiandika hivyohivyo nakala yao pia, kwa wino, wakati mtu wa maktaba ameenda kula.